Bia Chungu Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu alikuja Johannesburg kumwona mjukuu wake mchanga. Alikuja na sanduku moja, vitenge vipya na mfuko wa sambaza, wale dagaa wa ziwa la kwetu, waliokaushwa. Alipanga kukaa majuma machache tu, mtoto apate nguvu na mke wangu arudi kazini, kisha naye arudi kwake Bukavu. Hata hatujamaliza kula wale sambaza, vita vikaingia mjini kwake. Uwanja wa ndege ukafungwa. Tuliambiana tusubiri kidogo mambo yatulie. Tukasubiri, siku zikawa miezi, na yeye na mimi tukajikuta tumefungiwa pamoja katika vyumba viwili vya kupanga pale mtaa wa La Rochelle, kati yetu pazia.

Asiyetoka kwetu huenda acheke. Kwetu mwanamume hakai na mama wa mke wake. Hali naye sahani moja, hamtazami usoni, wala hasimami mahali anapoweza kumsikia akioga. Bukavu niliyaweza hayo bila taabu, kwa sababu yeye alikuwa kwenye kilima chake na mimi kwenye changu, na tulionana kwenye harusi na misiba. Hapa, ili aende bafuni, ilimbidi apite nyuma ya kiti changu huku nimeinamisha kichwa kwenye cherehani kana kwamba nimepoteza sindano. Nikikohoa, alijua nimeamka. Akigeuka kitandani, nilisikia chuma kikilia.

Wala mimi sikuwa na pa kwenda. Zamani nilikuwa na kibanda changu Marshalltown, kwenye baraza ya duka la vitambaa, nikifupisha suruali za watu wa maofisini. Asubuhi moja walikuja watu wakiandamana, wakimuuliza kila mchuuzi anatoka nchi gani. Hawakunipiga. Mmoja aliweka kiganja juu ya cherehani yangu akaniambia kwa upole kabisa kwamba akirudi asiikute. Niliibeba siku hiyo hiyo. Tangu hapo nikawa nashonea nyumbani. Wateja walinipigia simu, na mke wangu ndiye aliyepeleka na kuleta nguo, akienda na kurudi saluni kwake Rosettenville. Nilikuwa naweza kumaliza juma zima bila kuvuka geti.

Kilichonipa pumzi ni ndoo ya bia.

Hiyo ilianza kabla mama mkwe hajaja. Kulikuwa na mteja wangu mmoja, mzee wa Kiingereza, fundi wa lifti aliyestaafu, aliyeniita nyumbani kwake nimshonee foronya za viti vya bustani. Nilimkuta gereji akikoroga sufuria kubwa. Nilipomaliza kupima viti akanipa glasi. Ilikuwa bia ya rangi ya shaba, haina gesi nyingi wala haina baridi. Niliinywa nikijua ni ngeni, lakini koo langu halikuishangaa. Ilianza na utamu wa mkate uliookwa, halafu ukaja uchungu taratibu, ukakaa, ukaondoka kwa adabu. Mzee aliiita bita. Alisema kwao hunywewa hivyo, bila haraka, na mtu anaweza kunywa glasi tatu akabaki na akili za kwenda nyumbani.

Akanifundisha. Unaloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto, unachuja, unachemsha yale maji matamu pamoja na hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayotia uchungu, unapoza, unatia hamira, unaiacha hamira ifanye kazi yake. Mfuko wa kuchujia niliushona mwenyewe kwa kitambaa chepesi cha pazia, mishono miwili ili usichanike. Nilijivunia ule mfuko kabla sijawa na bia yoyote ya kujivunia.

Mama mkwe alipokuja niliificha ndoo bafuni, nyuma ya beseni la nguo, nikaifunika kitenge.

"Mama asijue," nilimwambia mke wangu. "Ataona amemwoza binti yake kwa mlevi."

Mke wangu alitikisa kichwa. "Mama yangu alitusomesha sote kwa kasiksi," alisema. "Unadhani hajui ndoo inayochemka ikoje?"

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na mama mkwe alikuwa ameipika tangu usichana wake. Hata hivyo alioga kando ya ile ndoo kila siku, huku ikitoa mapovu yake blup, blup chini ya kitenge, na alipotoka alipita nyuma ya kiti changu kama kawaida.

Siku tuliyoanza kuzungumza, umeme ulikatika. Nilikuwa nimewasha jiko mchana, sufuria imeanza tu kuchemka, hopsi nimeshazitia, na jiko likazima. Nilisimama pale nikiangalia mvuke unavyopungua. Nikasema kwa sauti neno ambalo mtu hasemi karibu na mama mkwe wake.

Nyuma ya pazia nikasikia akimwambia mtoto, ambaye alikuwa hajaota hata jino:

"Mwambie baba yako asikoroge. Afunike, asubiri moto urudi."

Mtoto akacheua.

Niliifunika sufuria. Umeme uliporudi niliendelea kuchemsha, na tangu siku hiyo tulikuwa na mkalimani asiyejua lugha yoyote. Mama mkwe alimwambia mtoto anachotaka kuniambia, nami nilipombeba mtoto nilimwambia majibu. "Mwambie bibi yako nimesikia." "Muulize bibi yako kama uji umetosha." Tulikuwa tumeikwepa miiko bila kuivunja, au ndivyo tulivyojidanganya.

Ile bia nilipoitia kwenye chupa na kuisubiri, mzee wa Kiingereza alikuja kunichukua kwa gari lake. Jumamosi fulani fulani watu kadhaa wanaojipikia bia walikutana gerejini kwake, kila mmoja na chupa zake, wakionjana bila kuoneana haya. Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani myekundu. Hakuwa mkali. Shida ni kwamba pua yake ilikuwa haisamehe.

Chupa yangu ilipofunguliwa, povu liliruka likamlowesha mzee mkono wa shati. Watu walicheka vizuri tu. Yule mwanamke akasubiri litulie, akanusa, akanywa, akatazama dari.

"Siagi," alisema.

"Siagi?"

"Nusa. Bisi za sinema." Akanirudishia glasi. Nilinusa, na kweli, ilikuwapo, nami nilikuwa nimeishi nayo siku zote nikidhani ni uzuri. "Umeitoa kwenye hamira mapema. Hamira hutoa huo uchafu yenyewe, na ukiipa muda huula yenyewe. Sasa kunywa, usimeze upesi. Unasikia nini kwenye fizi?"

Nilisikia fizi zikikauka, kama nimekunywa chai iliyosahauliwa kwenye birika tangu asubuhi.

"Maji yako yalikuwa ya moto mno," akasema. "Shayiri hailowekwi kwa maji yanayochemka. Huo si uchungu wa bita. Ni ukakasi wa maganda."

Mzee naye akaongeza yake. Nipunguze sukari ninayotia chupani kabla ya kuifunga, maana bita haitaki kulipuka. Nitie chembe ya unga wa jasi kwenye maji, kwa sababu maji ya Johannesburg ni laini mno na uchungu unakosa pa kusimama. Nichemshe hopsi kwa muda mrefu zaidi kuliko wanavyofanya kwao, kwa kuwa mji huu uko juu na maji yake huchemka kabla hayajapata moto kamili.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Jioni nilimsimulia mke wangu huku akila, nikaiga hata yule mwanamke alivyotazama dari. Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nyuma ya pazia mama mkwe hakucheka.

"Mwambie baba yako," alimwambia mtoto, "kwamba sebuleni kuna baridi, bafuni kuna baridi. Pombe haiivi ikitetemeka. Aifunike blanketi, aiweke karibu na hita."

Ulikuwa mwezi wa Julai, na kweli baridi ya Johannesburg ilikuwa inauma. Asubuhi vioo vilikuwa na jasho na mikono ilikuwa haishiki sindano. Maneno yake yalikuwa na mantiki. Nilipika upya kama nilivyofundishwa gerejini, maji ya kiasi, jasi kidogo, hopsi nikazichemsha sana. Kisha nikafanya kama alivyosema yeye. Ndoo nikaivika blanketi la mtoto, nikaisogeza kwenye hita. Ilinguruma kama mtu anayekoroma. Niliiacha ikae muda mrefu, siagi iishe.

Nilipofungua chupa ya kwanza, nyumba nzima ilinuka ndizi mbivu.

Sikuelewa. Hapakuwa na ndizi hata moja ndani ya nyumba. Nilimimina kikombe, nikakiweka kwenye kistuli kando ya pazia, mpakani kwetu, nikarudi kwenye cherehani. Mkono wa mama mkwe ukatoka chini ya pazia ukakichukua. Nilisubiri mtoto aambiwe kitu. Hakuambiwa. Nilisikia kikombe kikiwekwa sakafuni, halafu nikasikia pumzi yake, ile ya mtu anayevuta makamasi asitake kusikika. Niliikanyaga cherehani, nikashona kipande cha kitambaa kisicho na kazi yoyote, ili awe na kelele ya kujifichia.

Baadaye sana akasema, "Mwambie baba yako asiibadilishe hii."

Jumamosi nilikwenda nayo gerejini. Mwanamke wa miwani alinusa mara moja tu. "Sasa siagi imeondoka, ukakasi umeondoka, gesi ni nzuri," alisema. "Lakini umeiweka hamira kwenye joto. Hamira ikipata joto hutoa ndizi. Kuna bia zinazotaka hivyo. Bita haitaki." Aliniambia niiache mahali penye ubaridi wa kiasi, na kwamba nimebakiza hatua moja tu.

Hatua hiyo moja ndiyo iliyotugombanisha.

Nilipika tena. Ndoo niliiweka chini ya meza ya cherehani, mbali na hita, nikaizungushia taulo tu. Niliporudi kutoka bafuni nilikuta imevikwa blanketi. Nikalitoa. Nilipokwenda kumfungulia mke wangu geti, nikarudi nikakuta blanketi. Nilitoa, akafunika. Nilitoa, akafunika. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka ile ndoo, wala yeye hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mikono yake. Hakuwa na shamba wala mteja wa kumgombeza. Alikuwa na mtoto, simu na dirisha linalotazama ukuta wenye nyaya za umeme.

Simu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Juma lile mdogo wake alimpigia kutoka Bukavu kumwambia kwamba kuna watu wameingia nyumbani kwake, wanalala humo, na mapipa yake ya kasiksi wameyafanya ya kutekea maji. Aliuliza swali moja tu: "Mlango wameuvunja, au walikuta umefunguliwa?" Sikusikia jibu. Baada ya hapo hata mtoto hakuambiwa chochote, wala sikuambiwa mimi.

Mke wangu alichoka nasi. Aliporudi kutoka saluni na kukuta ndoo ina blanketi na mimi nimenuna, alinivuta nje kwenye kibaraza.

"Ni nini tena?"

"Mama yako anataka nipike kasiksi ya shayiri."

"Na wewe unataka nini? Waingereza wakupigie makofi?"

"Nataka kitu kimoja nikifanye mpaka kiwe sawa," nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kimoja tu. Humu ndani hakuna kingine ninachoweza kukirekebisha."

Mtaani gari lilipita na muziki wake, vijana wa spaza, kile kiduka cha pembeni, wakaitana kwa Kizulu. Mke wangu alinishika kiwiko. "Basi mpe na yeye chake," alisema.

Ndivyo tulivyofanya. Mke wangu alinunua ndoo ya pili na boksi la ndizi sokoni, akaleta na mtama wa kuchachushia. Tulimwambia mama mkwe ndoo hiyo ni yake na blanketi ni lake. Hakushukuru, lakini asubuhi nilisikia mtama ukikaangwa, na harufu yake ikapita pazia kabla ya kitu kingine chochote. Alizifunga ndizi kwenye magazeti ziive, akazikamua kwa mikono, akilalamika kwamba mji mzima hauna majani yanayofaa kukamulia. Alilalamika siku mbili mfululizo, kwa sauti, na mimi na mke wangu tulitazamana kwa furaha kama watu waliosikia mvua. Ndoo yake ikakaa kwenye hita, yangu ikakaa chini ya meza, na hakuna aliyeigusa ya mwenzake.

Bita yangu ilipokuwa tayari, nilikwenda gerejini. Mwanamke wa miwani alinusa, akanywa, akanywa tena. Hakutazama dari. Alimpa mzee glasi, mzee akaishika juu ya taa akiangalia rangi, akaonja, akasema, "Hii ningeilipia." Kisha wakaendelea na chupa ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye kiti nilichokishonea foronya mwenyewe, nikinywa iliyobaki. Ilikuwa sawa. Mkate ulikuwapo, uchungu ulikuja taratibu, ukakaa, ukaondoka. Nilidhani ningeruka. Badala yake nilikuwa nikifikiria kwamba baada ya muda mfupi mzee atanirudisha, atasubiri mpaka nimefunga geti kwa ndani, halafu ataondoka.

Nilipoingia nilimkuta mama mkwe amekaa upande wangu wa chumba, kwenye kiti cha wateja. Hajawahi kukaa hapo. Mtoto alikuwa amelala. Mbele yake kulikuwa na vikombe viwili vya kasiksi yake, na alikuwa ananitazama, mimi, usoni.

"Mkwe," alisema. "Onja. Sema kama wanavyosema kule gerejini."

Sikujua niweke wapi macho. Nilichukua kikombe kwa mikono miwili, nikanusa kwanza. Kwa heshima mtu angesema, mama, ni nzuri sana. Mke wangu angesema hivyo. Majirani wangesema hivyo. Nilikunywa. Ilikuwa nyepesi, ndizi imejificha mbali, na mwishoni kulikuwa na uchachu wa siki unaokwaruza. Mtama ulikuwa umeungua kidogo.

"Mama," nilisema, na huko kulikuwa kumwita moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani mwangu, "haijafika."

"Kwa nini?"

"Ni nyepesi. Na imeanza kuwa siki."

Aliendelea kunitazama. Nilidhani nimemvunjia heshima mpaka mwisho. Kisha akashusha pumzi na mabega yake yakalegea.

"Ndizi za huku ni maji matupu," alisema. "Niliona tangu nakamua. Nilitaka nione kama utanidanganya." Akasukuma kikombe kando. "Tangu nije hapa kila mtu ananiambia mambo yatakuwa mazuri. Binti yangu anasema mwezi ujao. Mdogo wangu anasema mwezi ujao. Mchungaji anasema mwezi ujao. Nimechoka kubembelezwa kama huyu mtoto."

Nilitoa chupa yangu iliyobaki kwenye mfuko, nikammiminia. Alinusa kwa muda mrefu, akaigeuza mdomoni kama nilivyomsimulia mke wangu kuhusu yule mwanamke. Akameza.

"Ni nzuri," alisema. "Siipendi."

Nilicheka, naye akacheka, mkono mdomoni ili asimwamshe mtoto. Aliimaliza lakini. Halafu aliinuka akabeba ndoo yake mpaka bafuni, nikasikia kasiksi yote ikienda kwenye bomba la maji machafu, na yeye akiisugua ndoo kwa nguvu.

Sasa tunazungumza. Hatutazamani sana, hatuli pamoja, lakini hatumtumi tena mtoto. Ananiuliza kimea kinalowekwa vipi, nami ninamuuliza alifanyaje wakati wa mvua nyingi, ndizi zilipokuwa hazina sukari. Uwanja wa ndege haujafunguliwa. Nyumbani kwake bado wamo watu. Cherehani bado iko pale pale, na Marshalltown sijarudi.

Juma lililopita mteja wa mke wangu saluni alimwambia kwamba Mayfair, karibu na msikiti, kuna Msomali anayeleta ndizi nzito za kutoka mbali, zile zinazokaa na sukari yake. Mama mkwe alisema hawezi kuchaguliwa ndizi na mtu mwingine, lazima azibonyeze mwenyewe. Nilimwambia nitampeleka. Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge chake kizuri na kilemba, akamfunga mtoto mgongoni, nami nikavaa viatu. Tulifika getini. Nje palikuwa na kundi la watu wamesimama kwenye kona, sijui wakisubiri nini, labda teksi tu. Tulisimama tukiwatazama. Akasema leo upepo ni mwingi kwa mtoto. Nikakubali.

Kila asubuhi tunapanga upya, teksi gani tupande, tushukie robot ipi, yaani taa zipi za barabarani, turudi saa ngapi. Bado hatujaenda.